Sindano Katika Nyumba ya Mkimbizi

SOMO LA JAMAA NZIMA

Maandiko ya kusoma: Mwanzo 3:21-23; Kutoka 35:25-35; 1 Samweli 2:18-19; Mathayo 4:21; Matendo 9:36-42; Matendo 18:1-4.

Vitu vya kuleta: sindano, uzi, mkasi au wembe, na kipande cha nguo ya zamani iliyofuliwa.



 Mungu aliyetuvusha hajatuacha.

Somo letu safari hii ni juu ya kushona. Pengine wababa wengine wanataka kupitisha ukurasa huu na kuwaachia wamama. Tunawaomba msipitishe. Somo hili limeandikwa kwa ajili yenu pia, tena kwa ajili yenu hasa, na mtaona sababu yake mbele.

Tunajua hali za nyumba zetu. Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi hapa Uganda mwaka 2020, likapunguza tena 2021, na mwaka 2023 likaanza kugawanya watu kwa makundi kulingana na uhitaji. Mwaka 2025 fedha zilipungua tena, na wengi waliondolewa kabisa kwenye orodha. Wale wanaokaa nje ya kambi, kati ya wavuvi au karibu na soko, hawakuwa na mgao hata mwanzoni. Basi shilingi ikiingia nyumbani, kwanza ni chakula. Nguo inangoja. Na nguo ikingoja sana, mtoto wa kiume anabaki nyumbani kwa sababu kaptula ya shule imepasuka nyuma. Msichana anakosa masomo kila mwezi kwa sababu hana cha kujihifadhi. Mtoto mdogo analala bila kujifunika usiku wa mvua.

Sindano haiwezi kuondoa shida zote hizi. Lakini tunataka kuonyesha kwamba sindano moja, ikishikwa na jamaa nzima, inarudisha mambo mawili ambayo kukimbia kumetunyang'anya: heshima, na pesa kidogo ambayo haikutoka mfukoni.

SEHEMU YA KWANZA: NENO LINASEMA NINI

1. Mungu alivika watu waliokuwa wanafukuzwa

Watu wa kwanza kupoteza makao yao walikuwa Adamu na Hawa. Walikuwa wamejishonea majani ya mtini, na sisi tunajua majani yanakauka na kuvunjika. Angalieni mpangilio wa habari katika Mwanzo sura ya 3. Katika mstari wa 21 Mungu anawafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Ni katika mstari wa 23 ndipo anawatoa bustanini. Kwanza nguo, halafu safari. Waliondoka kwa sababu ya dhambi yao, na hata hivyo Mungu hakuwaacha watoke uchi. Basi mtu asiseme kwamba nguo ni jambo dogo la mwili lisilomhusu Mungu. Mwenyewe alilifanya.

2. Roho wa Mungu alijaza mikono ya mafundi

Israeli walipokuwa jangwani, wakikaa katika hema kama wengi wetu tulivyokaa chini ya shitingi, Mungu alimwita Bezaleli na Oholiabu. Akawapa hekima ya kuchonga, kutarizi na kufuma. Lakini someni pia Kutoka 35:25-26: wanawake wenye ujuzi walisokota nyuzi kwa mikono yao, hata manyoya ya mbuzi. Wanawake walisokota, wanaume walitarizi na kufuma. Nyumba moja ya Mungu ilifanywa na mikono ya pande zote mbili. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba uzi ni wa mama na mbao ni za baba.

3. Akila na Prisila, wakimbizi wenye kazi

Kaisari Klaudio alitawala Rumi kuanzia mwaka 41 hadi 54. Yeye aliamuru Wayahudi waondoke katika mji wa Rumi. Akila na mke wake Prisila walikuwa kati ya waliofukuzwa, nao wakafika Korintho. Akila mwenyewe alikuwa amezaliwa Ponto, mbali kabisa upande wa mashariki. Kwa hiyo alikuwa mgeni Rumi, na sasa mgeni tena Korintho. Wengi wenu mnaijua njia hiyo ya kuhama mara mbili na tatu.

Hawakuja na nyumba wala shamba. Walikuja na kazi ya kushona hema. Kazi hiyo iliwalisha, ikamlisha na Paulo aliyekaa na kufanya kazi pamoja nao. Baadaye, huko Efeso, mume na mke hao wakamfundisha Apolo njia ya Bwana kwa usahihi zaidi, na kanisa likakutana nyumbani mwao. Serikali iliweza kuwafukuza mjini, lakini haikuweza kuwafukuza na ujuzi wao. Kazi ya mikono inavuka mpaka bila karatasi.

4. Yakobo na Yohana walishika uzi

Ndugu wa Kahendero, hili ni lenu. Yesu alipowaita Yakobo na Yohana, walikuwa chomboni na baba yao Zebedayo wakitengeneza nyavu. Hadi leo mvuvi anakaa ufukoni na sindano ya nyavu, anaunga tundu kwa tundu, na hakuna anayemcheka. Anajua wavu uliotoboka unarudisha samaki ziwani. Sasa tunauliza: mkono unaoweza kuunga wavu, unashindwaje kuunga shati la mtoto? Uzi ni uzi. Kama hakuna aibu ufukoni, aibu ya nyumbani imetoka wapi?

Tunasema hivi kwa sababu tunaona mzigo wa wamama. Mama anaamka kuchota maji, anaenda kulima kwa watu, anapika, anaosha watoto. Halafu usiku, kwa mwanga wa tochi ndogo, anashona huku macho yanamuuma. Kama somo hili litaongeza kazi kwa mama peke yake, ni afadhali tusingeliandika. Sindano ni ya nyumba nzima.

SEHEMU YA PILI: KAZI NNE ZA NYUMBANI

Kazi hizi zote zinafanyika kwa mkono, bila cherehani. Shoneni mchana, penye mwanga. Siku ya Jumamosi alasiri ni nzuri, baba, mama na watoto wakikaa kwenye mkeka mmoja.

Kabla ya yote jifunzeni mshono mmoja wenye nguvu. Pitisha sindano mbele hatua moja, kisha rudi nyuma nusu ya hatua, kisha mbele tena. Mshono huo wa kurudi haufumuki haraka kama ule wa kwenda mbele tu. Utumieni mahali panapovutwa: makwapani, kati ya miguu, na kwenye mikanda ya mifuko.

KAZI YA KWANZA: KIRAKA, PINDO NA CHANDARUA

Bwana Yesu alijua viraka. Katika Mathayo 9:16 anasema juu ya kitambaa kipya kutiwa katika vazi kuukuu, na jinsi mpasuko unavyozidi. Alikuwa anafundisha juu ya jambo kubwa zaidi, lakini mfano wake ni kweli ya kila siku: kitambaa kipya cha pamba hujikunja kikifuliwa, na kikijikunja kinavuta nguo ya zamani na kuipasua. Kwa hiyo:

(a) Fua nguo iliyotoboka, na fua kitambaa cha kiraka pia. Vikauke vyote kwanza.

(b) Kata kiraka kiwe kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 kila upande. Uzito wake ukaribiane na wa nguo. Kitambaa kizito juu ya shati jepesi kitalichana.

(c) Kunja kingo za kiraka ndani, nusu sentimita, zisifumuke. Kishike kwa pini, kisha shona kuzunguka pande zote.

(d) Kaptula ikipasuka nyuma upande mmoja, tia viraka viwili vilivyo sawa, kushoto na kulia. Kiraka kimoja watoto wenzake watakiona na kucheka. Viraka viwili vinavyofanana vinaonekana kama mshono wa fundi.

Sasa pindo. Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka. Mtoto alikuwa mbali, Shilo, naye mama alipaswa kufikiri amekua kiasi gani. Mama wa namna hiyo anashona kwa imani! Sisi nasi tushone kwa kufikiri mtoto atakua. Ukipata sketi au suruali ya shule iliyo ndefu, usikate chini. Kunja ndani sentimita 6 hadi 8 na ushone kwa mshono mwepesi. Mwaka ujao unafumua na kushusha. Nguo moja inavaliwa miaka miwili, hata mitatu.

Mwisho ni chandarua. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua mbu ni adui, na malaria inaua watoto. Chandarua chenye tundu si cha kutupa wala cha kwenda kuvulia samaki, maana matundu yake madogo yanakamata hata vifaranga vya samaki, na kesho ziwa halitakuwa na kitu. Tundu dogo livute pamoja kwa uzi. Tundu kubwa litie kiraka kutoka chandarua kingine kilichochakaa. Kazi hii wapewe wababa na vijana wa kiume, kwa kuwa mkono wao umeshaijua.

KAZI YA PILI: PEDI ZA KITAMBAA

Tunaomba wazazi msiufiche ukurasa huu. Hedhi si ugonjwa wala si dhambi. Ni kazi ya mwili alivyouumba Mungu. Yesu hakumwaibisha mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, bali alimwita binti mbele ya watu wote. Msichana anayekaa nyumbani siku tatu au nne kila mwezi anapitwa na masomo, mwisho anaacha shule, na mlango wa kuolewa mapema unafunguka.

Hapa Uganda watu wamelifanyia kazi jambo hili. Dr. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza pedi zilizoitwa MakaPads kutokana na mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika. Wakimbizi katika kambi ya Kyaka II walifanya kazi hiyo kwa mikono yao. Mafunjo ni yale yale yanayoota kando ya maji huku kwetu, ambayo tumezoea kuyafanya mikeka. Pedi hizo zilikuwa za kutumia mara moja na kutupa. Kampuni ya AFRIpads, iliyoanza Uganda mwaka 2010, ilichukua njia nyingine: pedi za kitambaa, za kufua na kutumia tena. Njia hii ya pili tunaiweza nyumbani.

(a) Chukua kitambaa laini cha pamba, kwa mfano kikwembe cha zamani au shati kuukuu. Kata vipande viwili, kila kimoja kirefu sentimita 25 na kipana sentimita 8 katikati. Kila upande wa katikati uache sikio la kukunja chini ya chupi.

(b) Ndani tia tabaka mbili au tatu za taulo kuukuu au flaneli, nyembamba kidogo kuliko vipande vya nje. Hizo ndizo zinazonyonya.

(c) Shona kuzunguka kwa mshono wa kurudi. Kwenye masikio tia kifungo kimoja na tundu lake, pedi isisogee.

(d) Msichana mmoja awe na pedi tano au sita, ili nyingine zikauke wakati anatumia nyingine. Mshonee na mfuko mdogo wa kuzibebea shuleni.

Juu ya usafi, sikilizeni vizuri. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Ilowekwe kwanza katika maji ya baridi, maana maji ya moto yanagandisha damu kitambaani. Kisha ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yawe safi. Ianikwe juani mpaka ikauke kabisa. Pedi iliyofichwa chini ya godoro ikiwa na unyevunyevu inaleta wadudu na magonjwa. Hapa ndipo baba anahitajika. Baba akikasirika akiiona kwenye kamba, binti ataificha, naye ataugua. Baba akifunga kamba mwenyewe nyuma ya nyumba, penye jua, na kusema hii ni kamba ya nyumba yetu, amemfundisha binti yake kwamba hana aibu yoyote mbele za Mungu wala mbele ya baba yake. Kama binti anaona haya, atandaze kitambaa chepesi juu. Jua litapita.

KAZI YA TATU: KIKAPU CHA KUMALIZIA KUPIKA

Kuni ni vita. Kahendero imezungukwa na Hifadhi ya Queen Elizabeth, na kuingia humo kutafuta kuni bila ruhusa ni kosa, tena kuna wanyama. Katika kambi nako wanawake na wasichana wanaenda mbali, na njiani kuna hatari tunazozijua. Kila fungu la kuni tunaloliokoa ni safari moja ambayo binti hatakwenda.

Chungu kinachochemka kina moto wake ndani. Kikifunikwa vizuri, chakula kinaendelea kuiva bila kuni. Huko Afrika Kusini tangu mwaka 2008 wanauza mfuko wa namna hii unaoitwa Wonderbag. Sisi tutautengeneza kwa vitu vya kwetu:

(a) Chukua kikapu (kitunga) kikubwa kuliko sufuria yako, kiwe na nafasi ya upana wa kiganja pande zote.

(b) Shona mito miwili kwa kitambaa imara au gunia lililofuliwa. Mmoja uwe wa kuzunguka ndani na chini. Wa pili uwe wa kufunika juu. Jaza majani makavu ya ndizi yaliyopondwapondwa, au mabaki ya nguo. Mto usijazwe hadi ukawa mgumu kama jiwe, kwa sababu ni hewa iliyo ndani inayotunza joto.

(c) Mchele: chemsha dakika 5, funika sufuria vizuri, weka ndani ya kikapu, funika na mto. Baada ya saa moja umeiva.

(d) Maharage: loweka usiku kucha na umwage maji hayo. Chemsha kwa nguvu dakika 30 katika maji mapya, ndipo uweke kikapuni saa tatu au nne. Usiruke kuchemsha, maana maharage yasiyochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Kabla ya kula rudisha motoni mpaka yachemke tena.

(e) Usifunue kuchungulia. Kila ukifunua, joto linatoka. Wala usiache chakula humo usiku kucha, kitachacha.

KAZI YA NNE: BLANKETI LA VIPANDE

Mafundi wa soko la Mpondwe na Bwera wanakata vitenge kila siku, na vipande vidogo vinabaki chini ya cherehani. Ukiomba kwa heshima, wengi watakupa, hasa ukijitolea kufagia. Jamaa nzima ikusanye.

Kata vipande vya mraba, sentimita 15 kila upande. Katika kushona, sentimita 1 kila upande itaingia kwenye mshono, kwa hiyo kitabaki cha sentimita 13. Vipande 8 kwa upana na 10 kwa urefu ni vipande 80, navyo vinatoa blanketi la sentimita 104 kwa 130. Linamtosha mtoto mdogo. Nyuma tia shuka la zamani, na katikati tia nguo kuukuu au sweta lililochakaa. Kisha pitisha mshono hapa na pale kushika tabaka zote tatu.

Watu wanne, kila mmoja akiunga vipande viwili kwa siku, ni vipande 8 kwa siku. Siku kumi na vipande vimeungwa. Mtu mmoja peke yake angehitaji siku arobaini. Hii ndiyo hesabu ya jamaa.

Na katika siku hizo kumi kuna kitu kingine. Mnaposhona pamoja, mdomo unafunguka. Mtoto anauliza: babu yetu alikaa wapi? Nyumba yetu ilikuwa na miti gani? Kuna mambo ambayo mtoto hawezi kuyasema akiangaliwa usoni, lakini anayasema akiangalia sindano. Wazazi, msimkimbize. Msikilizeni. Tumeona wengi walioficha machozi ya njiani kwa miaka, na yakatoka wakati mikono ina kazi.

SEHEMU YA TATU: KUTOKA NYUMBANI KWENDA SOKONI

Wengi wanauliza: je, tukijua kushona, tutauza? Inawezekana, lakini fuateni utaratibu.

Kwanza, visha nyumba yako. Kila kiraka ulichotia ni nguo ambayo hukununua. Tafuta daftari dogo, andika: tumeunga kaptula, tumeshusha sketi, tumetengeneza chandarua. Pembeni andika bei ya kununua kipya sokoni. Mwisho wa mwezi jumlisha. Mtashangaa.

Pili, visha jirani. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hatuambiwi kwamba alikuwa na duka. Alikuwa na sindano na moyo. Kati yetu wako wajane, wazee wasioona vizuri, na watoto wanaolelewa na watoto. Hata jirani mwenyeji wa hapa, Mkonzo au Musongora, ambaye si mkimbizi, mtengenezee. Wenyeji wetu nao wamejua kupoteza nyumba: mto Nyamwamba ulipofurika mwezi wa tano mwaka 2020, watu wengi wa Kasese walibaki bila makao. Anayekuona unashona nguo ya mtoto wake hatakuita mgeni kwa muda mrefu.

Tatu, ndipo sokoni. Hapa tuwe na busara. Watu ishirini wakijifunza mfuko ule ule na kuuza penye soko lile lile, wote watarudi nao nyumbani. Tazama kwanza watu wanahitaji nini: kurekebisha yunifomu mwanzo wa muhula, kubadili nguo za mitumba zisizowatosha, kutia zipu. Marekebisho hayahitaji mtaji mkubwa, na mteja anarudi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa ruhusa ya kufanya kazi na biashara, kwa kufuata sheria za nchi. Basi usifanye kwa kujificha. Uliza ofisi ya mtaa au ya soko juu ya ushuru, ulipe, na udai risiti.

Wanaotaka cherehani wasikimbilie mkopo wa mtu mmoja mwenye riba kubwa. Vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, ambavyo shirika la CARE lilianzisha huko Niger mwaka 1991, sasa viko karibu kila mahali Uganda. Watu kumi na watano au ishirini wanaweka kidogo kila juma katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu mbalimbali. Kikundi kinaweza kununua cherehani moja ya miguu, kila mmoja akapewa siku yake. Lakini tunawaonya: msiuze chakula cha watoto ili kununua kitambaa. Anzeni na kilicho kuukuu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Kwa nini Mwanzo 3 inaweka mavazi kabla ya kufukuzwa? Inatufundisha nini juu ya moyo wa Mungu kwa watu waliopoteza makao?

2. Ni ujuzi gani tulivuka nao kutoka Kongo ambao bado hatujautumia hapa?

3. Nyumbani mwetu nani anabeba kazi nyingi kuliko wengine? Baba na vijana wa kiume watachukua kazi gani juma hili?

4. Je, binti zetu wana kamba penye jua? Kama hawana, ni nini kinatuzuia?

5. Ni nani jirani mmoja ambaye nguo yake tunaweza kuitengeneza kabla ya Jumapili?

KAZI YA JUMA HILI

Kila jamaa ifanye kiraka kimoja na ije nacho ibadani Jumapili. Kiraka cha jamaa kiwe kimeshonwa na angalau watu wawili, na mmoja wao awe baba, kaka au mjomba. Nyumba ambazo hazina mwanaume, kanisa litawapa kijana wa kushona pamoja nao. Wasio na sindano waone wamama wa ushirika baada ya ibada. Sindano zipo chache, na zitapita nyumba kwa nyumba kama chumvi.

MAOMBI

Bwana Mungu, wewe uliyewashonea Adamu na Hawa mavazi kabla hawajatoka, utuangalie na sisi tuliotoka. Bariki mikono ya wababa, ipate unyenyekevu wa kushika uzi. Bariki mikono ya wamama, ipate kupumzika. Watoto wetu wa kiume na wa kike waende shule wakiwa na heshima. Utufundishe kuunga kilichopasuka, katika nguo na katika mioyo. Kwa jina la Yesu. Amina.